Laos kwa vihela vya viazi

Swali: Dada, niko Mwanjelwa hapa Mbeya, nimeuza viazi nimebakiwa na vihela, nataka kwenda Laos, ile nchi ya Asia jirani na Thailand, na begi mgongoni, ntaweza au najidanganya?

Jibu: Utaweza mdogo wangu, tiketi ya ndege ndo itakuuma, ukishafika maisha nafuu. Ingilia mji wa mpakani wa Huay Xai ukitokea Thailand, panda ile boti ya polepole ya mto Mekong, siku 2 mpaka mji wa Luang Prabang, ubebe na kitu cha kukalia. Treni ya kufika Luang Prabang ipo tangu 2021, ila haipiti Huay Xai na mandhari ya mto utayakosa (mi nisingekubali). Alfajiri watawa wa Kibudha wanapita peku kupokea sadaka ya wali, we mwanamke usiwaguse, kaa pembeni kimya. Wali wenyewe unanata, unafinyanga kwa vidole kama ugali tu. Januari milimani kaskazini baridi, sweta lako la Uyole usiliache.