Natembea kila alfajiri, mbona kigoda kinanishinda?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 68, naishi Rau, Moshi. Kila alfajiri natembea saa nzima. Pumzi ninayo na presha imetulia kwa vidonge. Lakini nikikaa kwenye kigoda kumenya ndizi, siinuki mpaka nishike ukuta. Juzi nashuka daladala mguu ukalegea, konda akanidaka. Je, niongeze mwendo?

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Kutembea usiache, kunakulindia moyo. Ila hata ukitembea saa mbili, kigoda kitaendelea kukushinda. Kwenye tambarare paja halifanyi kazi kubwa, na msuli hauongezi nguvu mpaka upewe mzigo uliozidi ule uliouzoea. Isitoshe, uzee hupunguza zaidi nyuzi za msuli zenye kasi, zile zinazokudaka ukijikwaa.

Jipime kwanza. Egemeza kiti cha mezani ukutani, kunja mikono kifuani, kisha simama na kukaa kwa sekunde 30. Mwanamke wa umri wako asiyefikisha mara 11 miguu yake imepungukiwa nguvu. Wazee wengi ninaowapima hapa Moshi, watembeaji wazuri kabisa, huishia 7 au 8, na huwa inaniuma, maana dawa yake ni kiti hichohicho.

Simama na kukaa mara 8, pumzika, rudia mpaka mizunguko 3. Kukaa ukae polepole, ukihesabu moja hadi tatu; kazi ya paja kwenye ngazi ya daladala ndiyo hiyo. Fanya siku 2 au 3 kwa wiki, usifuatanishe. Ukizoea, kumbatia mfuko wa mchele wa kilo 2. Usibane pumzi, kwani hupandisha presha.

Usiseme umechelewa. Mwaka 1990 huko Boston, Marekani, ilichapishwa taarifa ya wazee wa miaka 86 hadi 96 waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani zaidi ya maradufu.

Kujimudu usianguke ni zoezi jingine. Simama kwa mguu mmoja ukishika karo la jikoni, au tembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Shirika la Afya Duniani linashauri siku 3 au zaidi kwa wiki kwa waliofikisha miaka 65. Na alfajiri moja acha tambarare, panda njia ya Uru.

Kifua kikibana, ukipata kizunguzungu au goti likivimba, acha na umwone daktari. Baada ya wiki 8 jipime tena, uniandikie umefikisha ngapi.