Wasomaji Wanauliza: Umahiri wa Elimu Maalumu

SWALI: Nafundisha shule ya msingi hapa Masasi. Nina Shahada ya Elimu ya kawaida, wastani wa alama (GPA) 3.1. Huu ni mwaka wa tatu nimepangiwa kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili bila kukisomea. Nataka shahada ya umahiri (masta) ya elimu maalumu. Nitapokelewa? Na nitasomaje bila kupoteza ajira? — *Mwalimu, Masasi*

JIBU: Kwa GPA, mwalimu, huna shida. Kiwango cha chini kinachotumika nchini kuingia umahiri ni 2.7, yaani daraja la pili la chini. Kinachoweza kukukwamisha ni kwamba shahada yako si ya elimu maalumu. Hapo ndipo miaka yako mitatu kitengoni inapokuwa mali. Mwombe mwalimu mkuu barua inayotaja kitengo, aina ya ulemavu, idadi ya wanafunzi na tarehe uliyoanza. Barua inayosema tu kwamba wewe ni "mwalimu mwenye moyo" haitakusaidia.

Ila kuna jambo tungependa ulipime kwanza. Umahiri ni masomo ya nadharia, mbinu za utafiti, takwimu na tasnifu. Hautarajiwi kukufundisha kazi ya mikono ya darasani. Chukua kufunga kifungo cha shati: kushika kingo mbili, kuingiza kifungo tunduni, kukivuta kitokeze upande wa pili. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, njia nzuri ni kuanzia hatua ya mwisho. Wewe unafanya zilizotangulia, yeye anakivuta tu, na shati linakuwa limefungwa kwa mkono wake. Akishazoea unamwachia na hatua iliyo kabla yake, hivyo hivyo hadi mwanzo. Mwalimu asiyejua hili humwanzishia mtoto hatua ya kwanza, mtoto anachoka kabla hajaona matunda, kisha anaandikwa kuwa "hafundishiki". Linatuuma, kwa sababu anayebeba kosa ni mtoto.

Kama ujuzi wa namna hii bado huna, anza na mafunzo ya elimu maalumu yenye mazoezi ya darasani. Chuo cha Ualimu Patandi, wilayani Arumeru, ndicho kinachojulikana zaidi kwa hilo. Umahiri ufuate.

Ukiona uko tayari sasa, Chuo Kikuu Huria kina kituo Mtwara, na unasoma ukiwa kazini. Umahiri wake wa utawala, mipango na sera za elimu unamfaa anayetazamia kusimamia elimu maalumu kwenye halmashauri, na tasnifu unaweza kuielekeza kwa watoto wako. Lakini usiuchukue ukidhani utatoka mtaalamu wa ulemavu wa akili. Umahiri wa fani yenyewe upo kwa majirani: Chuo Kikuu cha Kenyatta mjini Nairobi, na cha Kyambogo mjini Kampala. Chuo Kikuu cha Oslo nacho kina jina kubwa katika fani hii, ila tangu 2023 Norwei inawatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya, kwa hiyo bila ufadhili usikitegemee. Popote utakapokwenda nje, hakikisha mapema na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwamba tuzo ya chuo hicho itatambuliwa.

Kuhusu ajira: barua ya kuomba ruhusa ya masomo inaandikwa kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na kupitia kwa mwalimu mkuu na ofisi ya elimu. Ambatisha barua ya kupokelewa chuoni na maelezo ya nani anayelipa ada. Omba mapema jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Usiondoke kwa ruhusa ya mdomo, hata kama aliyekuruhusu ni mtu mwema. Anaweza kuhamishwa, nawe ukahesabika mtoro kazini.

SWALI: Nafundisha viziwi, Lindi. Nikisoma Kenya au Uganda, lugha ya alama nitakayojifunza itanifaa nikirudi? — *Mwalimu, Lindi*

JIBU: Nadharia itakufaa, alama zenyewe si zote. Kenya ina lugha yake ya alama, Uganda ina yake, na watoto wako wanatumia Lugha ya Alama ya Tanzania. Walimu wengi hudhani ni moja. Ukiwa masomoni endelea kuzungumza na viziwi wa nyumbani kwa simu ya video, la sivyo utarudi na alama ambazo darasa halizielewi. Anayesomea nukta nundu, maandishi ya wasioona, ana nafuu kidogo, maana seli ya nukta sita ni ileile kila nchi.

SWALI: Tasnifu yangu imechelewa mwaka mzima. Nikusanye data lini shuleni Nachingwea? — *Mwanafunzi wa umahiri*

JIBU: Hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye likizo. Shule hufungwa Juni na Desemba, na Novemba walimu wako kwenye mitihani, kwa hiyo lenga Februari hadi Aprili au Julai hadi Septemba. Februari hadi Aprili ni msimu wa mvua, basi chagua shule unazoweza kuzifikia barabara ikiharibika. Barua ya chuo huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Lindi mjini, ndipo ishuke wilayani na halmashauri, na kila meza inaweza kukugharimu siku kadhaa. Ridhaa ya mzazi iandae kwa Kiswahili chepesi, na umsomee asiyejua kusoma. Mtoto naye muulize kwa namna anayoielewa, na akikataa siku hiyo, rudi siku nyingine.