Kumfuata mpelelezi si usumbufu, dada

Pole sana, dada. Unauliza kama mnamsumbua mpelelezi wa polisi mkimfuata kuulizia kesi, maana mdogo wako alikatwa panga hapo Ujiji na sasa mnapishana na mshtakiwa sokoni. Hamumsumbui hata kidogo. Kesi ni ya Jamhuri, lakini kidonda ni cha mdogo wako, na wengi waliojeruhiwa hutaka kwanza kusikilizwa na kuambiwa ukweli, kabla hata ya kuwaza kifungo. Nendeni na namba ya RB, yaani namba ya taarifa mliyopewa polisi, mkaulize jalada limefikia wapi na dhamana ina masharti gani. Mdogo wako akitishwa, ripotini siku hiyohiyo. Mahakama inaweza kufuta dhamana. Fidia nayo mwambieni mwendesha mashtaka mapema: mshtakiwa akitiwa hatiani, hakimu anaweza kuamuru alipe. Risiti za matibabu ya hospitali ya Maweni na nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, msizitupe.