Karanga kwa Mtoto: Maswali Yenu Kuhusu Mzio

Dada, ni kweli kuna daktari wa London anayesema watoto wapewe karanga mapema? Alijuaje? (Baba Asha, Tanga)

Ni kweli, baba. Anaitwa Profesa Gideon Lack, bingwa wa mzio wa watoto wa King's College London. Aliwahi kuhutubia madaktari wa mzio huko Tel Aviv, akawaomba wanyooshe mikono waliomwona mtoto mwenye mzio wa karanga mwaka ule. Ikainuka miwili mitatu tu. Uingereza angeuliza hivyo, karibu ukumbi wote ungenyoosha. Wengine wangecheka na kuendelea na mhadhara. Yeye alirudi nyumbani na swali.

Watoto wa Israeli huanza mapema kula Bamba, vitafunwa vya mahindi na karanga. Mwaka 2008 yeye na wenzake walionyesha kuwa watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza walikuwa na mzio huo takriban mara kumi zaidi ya wale wa Israeli. Ndipo ukaja utafiti wa LEAP: watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye pumu kali ya ngozi (ukurutu, yaani eczema) au mzio wa mayai, wakagawanywa kwa kura, wa kula karanga na wa kuepushwa nazo. Matokeo yalitoka 2015. Walipofika miaka 5, asilimia 17.2 ya walioepushwa walikuwa na mzio. Kwa waliokula, 3.2.

Kifungua mimba wangu alizaliwa 2003 hapa Minneapolis, nikaambiwa nisimpe karanga mpaka miaka mitatu. Walinidanganya? (Mama wa wawili)

Hapana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri hivyo mwaka 2000 kwa watoto wa familia zenye mzio, kikaachana na ushauri huo 2008. Tangu 2017 mwongozo wa huko umegeuka kabisa: mwenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai aanze kati ya miezi 4 na 6, akishapimwa.

Pumu ya ngozi na chakula vinahusianaje? (Msomaji, Mombasa)

Hapa ndipo ninapompendea Lack. Hoja yake ni kwamba chembe za karanga zilizo kwenye vumbi la nyumba zikipenya kwenye ngozi iliyopasuka, kinga ya mwili huzichukulia kuwa adui. Zikitangulia kupitia tumboni, huzizoea.

Ila msimpe mtoto mchanga punje nzima, itamkaba. Siagi laini ya karanga ikorogwe kwenye uji. Na aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kula karanga asijaribiwe nyumbani. Huyo ni wa hospitali.

Niko kidato cha sita Dodoma, nataka kuwa daktari wa mzio wa watoto. Nitasoma miaka mingapi? (Mwanafunzi)

Mdogo wangu, jipange. Udaktari miaka 5, mafunzo kwa vitendo mwaka 1, umahiri wa magonjwa ya watoto miaka 3, kisha ubobezi kama miaka 2, ambao huenda ukakupeleka Cape Town, kwenye Hospitali ya Watoto ya Red Cross. Usitarajie karanga kila siku: wagonjwa wako wengi watakuwa wa pumu, mafua ya mzio na ngozi, pamoja na wachache waliozaliwa na kinga dhaifu, wanaorudiwa na nimonia hadi mtu aulize kwa nini.