Rangi Haichaguliwi Peke Yake: Ushauri kwa Wanaoanza Usanifu wa Michoro

Wengi wanaoingia katika kazi ya usanifu wa michoro huanza kwa kukariri duara la rangi, yaani mchoro unaozipanga rangi kwa mzunguko, nami nilianza hivyohivyo. Nilijua kwamba nyekundu hukabiliana na kijani, buluu na rangi ya chungwa, manjano na zambarau, nikadhani kwamba aliyeyajua hayo amemaliza. Bango la kwanza nililolipwa nililiandika kwa herufi nyekundu juu ya kijani, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba rangi zinazokabiliana hupendezana. Lilipobandikwa, watu walilisogelea huku wamefinya macho, maana kingo za herufi zilionekana kama zinatetemeka. Na mteja alipolitolea nakala kwa mashine isiyo ya rangi, maandishi yote yalizama ndani ya kijivu kimoja.

Kosa langu lilikuwa kuitazama rangi kwa jina lake tu. Kila rangi ina sifa tatu: aina yake, inayotufanya tuiite nyekundu au buluu, mwangaza wake, yaani imekaribia kiasi gani nyeupe au nyeusi, na ukolevu wake, yaani imekolea au imepauka. Mchoraji wa Marekani Albert Munsell alizipanga sifa hizo kwa utaratibu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1905, na hadi leo mpangilio wake unatumika. Duara tunalolikariri huonyesha hasa sifa ya kwanza, ilhali kinachomwezesha mtu kusoma maandishi ni ya pili.

Jambo hili hupimika. Miongozo ya kurasa za intaneti hutumia uwiano wa mwangaza unaoanzia 1, pale rangi mbili zinapolingana kabisa, hadi 21, pale nyeusi inapokaa juu ya nyeupe. Maandishi ya kawaida hutakiwa kufikia angalau 4.5, na yale makubwa 3. Nyekundu kamili ya skrini juu ya kijani ya wastani hupata takribani 1.3 tu, hata kama majina yake yako mbali kama mashariki na magharibi. Manjano juu ya nyeupe haifiki hata 1.1, lakini buluu kamili juu ya nyeupe hupita 8. Kwa hiyo nakushauri uigeuze kazi yako yote kuwa ya kijivu kabla hujamwonyesha mteja. Kisichosomeka hapo hakitaokolewa na uzuri wa rangi. Zoezi hilo litawafaa pia wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, ambao si wachache: miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni kama mmoja kati ya 12.

Baada ya mwangaza, mchunguze jirani, yaani rangi iliyo kando. Mkemia wa Ufaransa Michel Eugène Chevreul, aliyepewa kusimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris, mwaka 1824, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Alipozichunguza alikuta rangi yenyewe haina kasoro. Nyuzi zile zilionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Uchunguzi huo ulimfikisha kwenye kitabu cha mwaka 1839 kuhusu namna rangi zinazokaa pamoja zinavyobadilishana sura machoni petu.

Usiyakubali haya kwa maneno yangu tu. Kata vipande viwili vidogo kutoka karatasi moja ya kijivu, kimoja ukiweke juu ya karatasi nyeusi na kingine juu ya nyeupe, kisha vitazame kwa pamoja: cha kwanza kitaonekana cheupe zaidi kuliko mwenzake. Ukikihamishia kimojawapo juu ya nyekundu iliyokolea, baada ya muda jicho litaanza kukiona na ukijani kidogo. Mimi nilijifunza zaidi kwa vipande hivyo kuliko kwa michoro yote ya duara niliyoinakili.

Kuhusu skrini na karatasi, kumbuka tu kwamba skrini huchanganya nuru, ambapo nyekundu na kijani huzaa manjano, ilhali printa huchanganya wino, na kuna buluu na kijani kali ambazo wino wa kawaida hauzifikii.

Katika kuchagua, anza na rangi moja ambayo kazi yenyewe inaidai, uiandamishe na nyingine mbili au tatu, na moja tu ndiyo ikolee sana. Zilizobaki zipaushe, uzipe eneo kubwa, na ile kali uiache katika sehemu ndogo unayotaka itazamwe kwanza. Kanuni ya kugawa eneo kwa asilimia 60, 30 na 10 inasaidia siku za mwanzo, ingawa mimi siipimi kwa rula.

Bango lile nililitengeneza upya bila kubadili aina za rangi zake. Nyekundu niliitia giza kidogo, kijani nikaipausha hadi ikakaribia nyeupe, uwiano ukapanda kutoka 1.3 hadi zaidi ya 6, na safari hii nakala ya kijivu ikasomeka.