Fomu ya Afya ya Mwanafunzi: Maswali ya Wasomaji kutoka Arusha na Moshi

SWALI: Pokea salamu zangu. Binti yangu amechaguliwa kujiunga na kidato cha tano katika shule ya bweni iliyo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na anatakiwa kuripoti mwezi Julai. Ana selimundu tangu utotoni. Maelekezo ya kujiunga na shule yana fomu ya uchunguzi wa afya inayotakiwa kujazwa na daktari wa hospitali ya serikali, na ndani yake kuna sehemu inayouliza kama mtoto ana ugonjwa wa kudumu. Shangazi zake wananishauri nimwombe daktari aiache wazi, wakihofu kuwa shule haitampokea. Nifanye nini?
Mama, Sakina, Arusha

JIBU: Mama, sehemu hiyo ijazwe, tena kwa ukamilifu. Hofu ya shangazi zake inatokana na upendo, lakini hatari kubwa zaidi kwa binti yako ni kulala katika bweni ambalo hakuna mtu mzima anayejua hali yake.

Fikiria atakapofika. Julai ni katika miezi ya baridi kali kwa Arusha na Moshi, na kadiri unavyopanda mlimani ndivyo baridi inavyozidi. Siku ya bweni huanza alfajiri kwa kuoga maji ya baridi, pengine mchakamchaka, kisha usafi wa mazingira. Kwa mwenye selimundu, baridi, upungufu wa maji mwilini, kazi nzito na maambukizi ni mambo yanayoweza kuamsha maumivu makali, kwa sababu seli nyekundu zilizogeuka umbo hukwama katika mishipa midogo na kuzuia damu kupita. Matroni asiyejua hilo atamwona msichana aliyejikunja kitandani wakati wenzake wako kwenye foleni ya chai, naye atadhani ni mvivu. Nimeumizwa mara nyingi na habari za watoto walioadhibiwa kwa sababu ya maumivu ambayo hawakuweza kuyaeleza, na kila mara najiuliza kwa nini karatasi moja haikusema ukweli mapema.

Pamoja na fomu, omba kliniki anayohudhuria ikuandikie barua inayotaja dawa zake na dozi zake, iwe ni foliki asidi, haidroksiyurea au nyingine, na inayoomba wazi kwamba aruhusiwe kuoga maji ya moto, kuvaa sweta muda wote, kuwa na chupa ya maji darasani, kwenda msalani anapohitaji, na kusamehewa mbio na kazi za suluba. Barua hiyo ieleze pia dalili ambazo hazisubiri asubuhi: homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kupauka ghafla, na mkono au mguu wa upande mmoja kulegea. Homa isichukuliwe kuwa malaria tu na kumalizwa kwa vidonge katika chumba cha wagonjwa cha shule, kwa kuwa bandama la mwenye selimundu mara nyingi halifanyi kazi yake vizuri, na maambukizi ya kawaida yanaweza kumzidi nguvu kwa saa chache. Omba pia rufaa ya kuhamishia kliniki yake Moshi, ambako kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na Hospitali ya Kanda ya KCMC, ili asilazimike kusafiri hadi Arusha kila tarehe ya kliniki inapofika.

Mpeleke mwenyewe siku ya kuripoti, uonane na mkuu wa shule na matroni ana kwa ana. Endapo watakataa kumpokea kwa sababu ya ugonjwa, omba wakuandikie sababu hiyo, kisha uipeleke kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri husika.

SWALI: Mjukuu wangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Aliugua tetekuwanga, na shule ikamwambia asirudi mpaka makovu yote yaishe. Je, ni haki? Mitihani ya majaribio inampita.
Bibi, Majengo, Moshi

JIBU: Shikamoo Bibi. Shule ilikuwa na sababu ya kumtaka akae nyumbani, ila kipimo ilichotumia si sahihi. Tetekuwanga huambukiza kuanzia siku moja au mbili kabla ya vipele kutokea mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magamba, jambo ambalo kwa kawaida huchukua kati ya siku 5 na 7. Makovu hayaambukizi mtu. Mpeleke zahanati akapate cheti kinachosema kwamba amepona, ambatanisha na barua fupi ya kuomba afanye majaribio aliyoyakosa, na umkabidhi mwalimu wa darasa. Katika siku za homa asipewe aspirini, kwa kuwa inaweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo.

Kwa magonjwa mengine, mwenye surua hukaa nyumbani siku 4 baada ya vipele kutokea, na mwenye matubwitubwi siku 5 tangu mashavu yavimbe. Mwenye upele anaweza kurudi siku inayofuata baada ya kupakwa dawa, mradi shuka na nguo zimefuliwa. Kifua kikuu ni daktari anayeamua, na wengi huacha kuambukiza baada ya takriban wiki mbili za dawa, ingawa dozi yenyewe huendelea kwa miezi 6.

SWALI: Ninatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na nakwenda bweni. Je, shule inaweza kunilazimisha kupima au kujitangaza?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Arusha

JIBU: Hapana, mwanangu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima isipokuwa katika mazingira machache iliyoyataja, kujiunga na shule si mojawapo, na inakataza pia unyanyapaa na kutoa siri ya mgonjwa. Hata hivyo, kwa kuwa mabweni mengi hukagua masanduku na kuzuia dawa chumbani, nakushauri wewe na mzazi wako mchague mtu mzima mmoja mnayemwamini, kama muuguzi wa shule au matroni, akutunzie dawa na kukupa nafasi ya faragha ya kumeza kwa saa ileile kila siku. Ulizia kliniki kama unaweza kupewa dawa za miezi kadhaa ili tarehe zako ziangukie likizo. Ukisahau dozi, meza mara unapokumbuka. Ukikumbuka wakati wa dozi inayofuata umeshafika, meza moja tu, usimeze mbili kwa pamoja, na umweleze mhudumu wako utakapohudhuria kliniki.