Je, marabi wa Kiyahudi nao wana seminari?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Kwenye jumuiya yetu tulisoma Mathayo 23, pale Bwana anaposema "msiitwe Rabi", na mzee mmoja akauliza: hawa marabi wa leo wanapadrishwa wapi? Wana seminari kama mafrateri wetu? Mimi ndiye katekista na nilikosa jibu.

JIBU: Milele, amina. Kwanza tuliweke kando hilo neno "kupadrishwa". Rabi si kuhani. Kwa Wayahudi ukuhani ni wa ukoo wa Haruni, na tangu Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70 hakuna altare ya kuhudumia. Rabi ni mwalimu wa Torati na mwamuzi wa mambo ya sheria. Karne nyingi alifundwa miguuni pa rabi mwingine, au kwenye yeshiva, yaani shule ya Torati, akikesha na Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale juu ya sheria, mpaka mwalimu wake aridhike na kumpa semikha, neno lenye maana ya kuwekea mikono, kama Musa alivyomwekea Yoshua (Hes 27).

Seminari yenye maprofesa, ratiba na mitihani ni jambo la karne ya 19. (Tusiwacheke. Sisi wenyewe tuliagizwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563. Kabla ya hapo mapadre wengi wa vijijini walijifunza kazi kwa kumfuata padre mkubwa.) Wayahudi wa Ulaya walikuwa wameanza kupewa haki za uraia, watoto wao wakaingia vyuo vikuu, na waumini wakataka rabi anayeweza kuhubiri kwa lugha ya nchi na kujibizana na msomi. Padua, Italia, walifungua chuo mwaka 1829. Breslau, mji wa Ujerumani ya wakati ule, wakafungua chao mwaka 1854 chini ya Zacharias Frankel, na huko mwanafunzi alisoma Talmudi seminarini huku akitafuta udaktari wa falsafa chuo kikuu. Wanazi waliifunga Breslau baada ya ule usiku wa Novemba 1938 masinagogi yalipochomwa.

Lakini kisa ninachopenda kuwasimulia wanafunzi wangu ni cha Marekani. Isaac Mayer Wise, mzaliwa wa Bohemia, alianzisha Hebrew Union College mjini Cincinnati mwaka 1875, akitumaini chuo kimoja kingewatosha Wayahudi wote wa nchi ile. Tarehe 11 Julai 1883 wanafunzi wanne wa kwanza wakapewa semikha. Jioni ikawa karamu. Sahani zikaletwa: chaza, kaa, kamba, mapaja ya vyura! Fungua Walawi 11 uone viumbe wa majini wasio na mapezi na magamba wanaitwaje. Kisha, baada ya nyama, ikaja aisikrimu, wakati sheria yao inakataza kuchanganya nyama na maziwa. Nguruwe tu ndiye hakuwapo. David Philipson, mmoja wa wale wanne, alikuja kuandika kwamba marabi wawili waliinuka na kutoka ukumbini. Wise hakuomba radhi.

Wengine husema karamu hiyo ndiyo iliyowagawanya. Mimi naona ufa ulikuwepo, sahani ziliuanika tu. Mwaka 1885 marabi wa mageuzi, mkondo wa Wise, walikutana Pittsburgh na kutamka wazi kwamba sheria za vyakula haziwafungi tena. Waliotaka kushika sheria huku wakisoma elimu ya kisasa, wakiongozwa na Sabato Morais wa Philadelphia, wakaanzisha seminari yao New York mwaka 1886, kwa mfano wa Breslau. Ilidhoofu alipofariki Morais, hadi mwaka 1902 alipoletwa Solomon Schechter kutoka Cambridge, yule aliyeokoa shehena ya hati za kale kutoka ghala la sinagogi la Cairo.

Basi, katekista, mzee akikuuliza tena, mwambie seminari wanazo, ila kila mkondo una zake, na Waorthodoksi wengi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria yote kama zamani (si Wakristo wa jina hilo), bado wanashika yeshiva. Tena mhitimu mmoja ni jirani yetu. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, watu walioanza kushika Torati pamoja na Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda, mwaka 1919. Kijana wao Gershom Sizomu alikwenda kusoma Los Angeles, katika chuo cha mkondo ule ule wa Schechter, akapata semikha mwaka 2008, kisha akarudi nyumbani kuwafundisha watu wake.